Siyo Radi, Mwanangu

Mwanangu,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Nilipokuwa darasa la pili, nilikuwa naenda kukaa nyuma ya zizi la ng'ombe, nafumba macho, najaribu kukumbuka vile nilivyokuzaa. Nilijaribu kwa bidii, kama ninavyojaribu hesabu ngumu. Niliona kwamba ikiwa kweli mimi ni mama yako, lazima kumbukumbu iwe imebaki mahali fulani ndani yangu, labda chini kabisa, kama majani yanayobaki kwenye birika. Sikupata chochote. Niliona tu giza la macho yangu na kusikia ng'ombe akicheua. Nikarudi nyumbani na hofu kwamba siku moja mtagundua kwamba mlikosea mtu.

Hadithi ya jina langu unaijua kuliko mimi, lakini naiandika kwa sababu barua hii yote imesimama juu yake. Nilipozaliwa, wanawake walikaa nami kwenye kurenet, ile sherehe yetu ya kumpa mtoto jina, wakataja majina ya wazee wetu waliokufa, mmoja baada ya mwingine, wakingoja nipige chafya ili wajue ni nani amerudi. Nilikataa majina mengi. Walipotaja Tabutany, jina la mama yako, nikapiga chafya. Wanasema nyanya mmoja alikuwa na ugoro mkononi karibu na pua yangu, na mimi kila nikisikia hivyo huwa nafikiri huenda ni ugoro ulioamua. Lakini wewe hukuuliza mambo ya ugoro. Uliingia, ukaniangalia, ukasema, "Mama, umerudi." Na tangu siku hiyo hujaniita Chelangat, jina wanaloniita wengine.

Umeniita Mama kanisani. Umeniita Mama mbele ya wateja wa duka letu. Siku ya kuniandikisha shule, mwalimu alikuuliza mama ya mtoto yuko wapi, ukanielekezea kidole ukasema, "Ndiye huyu," na mwalimu akabaki na kalamu hewani. Watoto wengine walikemewa na baba zao. Mimi hukunikemea hata mara moja, kwa sababu mtu hamkemei mamake. Wenzangu walidhani nina bahati. Hakuna aliyejua kwamba kila ukiniita, mimi huitikia nikiogopa kidogo, kama mtu aliyepewa koti kubwa la mtu mwingine na kuambiwa, vaa, ni lako.

Leo nimeamua kulivaa.

Mchana tulipokuwa tunakula, ulimwambia mke wako (leo nitamwita hivyo, ingawa ni mama yangu) kwamba umefikiria sana na unaona ni afadhali uombe chuo cha Eldoret kilichokukubali kikuwekee nafasi hadi mwaka ujao. Ulisema ukiwa unaangalia ugali. Ulisema, "Mashine za duka zikisumbua, nani atatengeneza?" Mke wako alikuongezea mboga, akasema tu kwamba mashati yako ameshayapiga pasi. Unajua mimi si mtu wa kujibu mezani. Maneno yangu huja baadaye, nikiwa peke yangu na kalamu, wakati watu wameshaondoka.

Basi sitakuambia uvae sweta kule Eldoret, wala ule mapema, wala ufunge mlango wa chumba vizuri. Mke wako atakuambia hayo kesho ukiwa umesimama na begi mlangoni, na atayasema mara mbili. Mimi nataka kujibu swali lako. Uliuliza nani atatengeneza. Ili nijibu, inabidi nirudi kwenye ile wiki ya radi.

Unakumbuka jinsi duka letu la intaneti lilivyoanza. Mashine za kuchuma chai zilipoingia shambani ulikokuwa ukichuma, mliambiwa mwende nyumbani, na wewe ukarudi na malipo yako ya mwisho na mikono isiyojua kukaa bure. Jirani zetu walinunua ng'ombe. Wewe ukanunua kompyuta za mtumba na kukodi chumba kile kando ya barabara ya kwenda hospitali ya Kapkatet, karibu na banda la chapati la Mama Njeri. Watu walikucheka. Mchuma chai na kompyuta wapi na wapi. Lakini wewe ulikuwa umetengeneza redio za kambi nzima ya wachuma chai kwa miaka mingi kwa kisu na waya, na ulisema kompyuta ni redio iliyosoma. Tukaweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu ni ya bure. Mimi nilisoma maelezo usiku kwenye simu ya mke wako, na wewe ulifungua na kufunga skrubu. Tulikuwa timu nzuri. Mimi kichwa, wewe mikono, na sote wawili tukiwaogopa wateja.

Likizo ile, kurasa za maombi ya vyuo zilianza kukataa kufunguka kwenye mashine yetu kubwa, ile ya ukutani inayogawia nyingine intaneti. Zilisema mfumo wetu ni wa zamani mno. Wanafunzi walikuja, wakajaribu, wakaenda zao. Nikakuambia tupandishe mfumo hadi toleo jipya. Ulisita. Najua ulisita kwa sababu ulichukua kitambaa ukaanza kufuta skrini iliyokuwa safi. Ukasema, "Kitu inafanya kazi, si tuiache tu?"

Nikakuambia, "Imezeeka. Lazima tubadilishe."

Ungekuwa baba mwingine ungesema subiri. Ungeniuliza nimesoma wapi, nimehifadhi mafaili wapi, na jambo likienda vibaya tutarudi nyuma vipi. Yote hayo yalikuwa maswali mazuri na yote yalikuwa kichwani mwako, maana uliniambia baadaye. Lakini ulisema tu, "Sawa, Mama." Mimi nikaondoka na ile "sawa" kama mtu aliyeshinda kesi, na sikujua kwamba sikuwa nimeshinda chochote. Ulikuwa umenipa heshima ya mtu mwingine, na mimi nikaitumia kama ni elimu yangu.

Nikaanza mchana. Mfumo ulipokuwa unamalizia kujipanga, ikaja mvua ile. Unajua mvua zetu, saa za alasiri mawingu yanashuka juu ya majani ya chai kama blanketi na halafu yanapasuka. Ilikuja na mawe. Radi ikapiga karibu sana na transfoma ya barabarani, taa ikafumba na kufumbua, Mama Njeri akapiga kelele huko kwake kwamba mafuta yake yamemwagika. Mashine yetu haikuzima kwa sababu ya ile betri yake. Ilimaliza, ikajiwasha upya, ikafunguka vizuri na picha mpya kwenye skrini. Lakini intaneti hakuna. Kadi zote mbili za mtandao, ile inayokwenda kwenye rauta na ile inayogawia mashine nyingine, zilikuwa kimya. Nyuma ya kompyuta hakukuwa na taa hata moja.

Sote tulisema neno moja kwa wakati mmoja. Radi.

Hapa ndipo kosa letu, mwanangu, na nadhani ni kosa la watu wa huku tu. Mtu wa mahali pakavu angejiuliza nimebadilisha nini leo. Sisi tumezoea kulaumu juu. Televisheni ikizima ni radi, simu ikikataa chaji ni radi, ng'ombe akipunguza maziwa huenda pia ni radi. Na kweli mara nyingi ni radi. Ndiyo maana hatukuhitaji kufikiri. Mambo mawili yalikuwa yametokea katika alasiri moja, moja lilikuwa na kelele na lingine nilikuwa nimelifanya mimi kwa vidole vyangu, kimya kimya. Tukachagua lenye kelele.

Asubuhi ulibeba ile mashine, mimi nyuma yako, hadi Kericho mjini, kwa fundi Maina. Alifungua, akanusa. Nakumbuka vile alivyonusa, kama mpishi. Akasema, "Hii imechomwa na radi, mzee. Hizi kadi zimeenda." Tukanunua kadi mbili za mtumba kutoka kwenye ndoo yake. Simlaumu. Sisi ndio tulioingia tukimwambia radi kabla hata hajatafuta bisibisi. Mgonjwa akimwambia daktari jina la ugonjwa, daktari naye ni mtu tu.

Kadi mpya zikawekwa, na bado giza. Sasa nilikuwa nimechoka na nina aibu, na nikafanya yale ambayo mtu aliyechoka na mwenye aibu hufanya. Nilibadilisha kebo. Nilihamisha swichi. Halafu nikachukua sindano ya mke wako nikaidunga kwenye kile kitundu cha nyuma ya rauta, nikashikilia mpaka taa zote zikacheza. Nilisoma mahali kwamba hilo husaidia. Ilisahau kila kitu ilichokuwa inajua, hata nywila na ile mipangilio tuliyowekewa na kijana wa intaneti. Kabla ya hapo, angalau simu za wateja zilikuwa zinashika mtandao wetu. Baada ya sindano yangu, hata simu hazikushika. Shida moja nikaizalia mwenzake.

Wakati huo wote ulikuwa umesimama nyuma yangu, na hukusema kitu. Mama Njeri aliingia na chapati ya kutufariji. Akaangalia waya zilizotapakaa sakafuni, akakuangalia wewe, akasema, "Baba Chelangat, leo si umchape huyu?"

Ukamjibu, "Nani amewahi kuchapa mamake?"

"Basi mwambie mamako akuuzie ng'ombe, ufungue duka lingine."

Mlicheka ninyi wawili. Mimi nilienda nyuma ya duka nikalia kwenye ukuta, na kilichoniliza si ule utani. Nililia kwa sababu nilitaka unikemee. Nilitaka mtu aniambie, Chelangat, weka hiyo sindano chini. Nilikuwa mtoto wa shule aliyevunja kitu, na hapakuwa na mtu wa kuniambia nimevunja.

Nilifikiri kama nitaendelea kungoja kukemewa nitangoja milele, kwa hivyo itabidi nijikemee mwenyewe. Nikajikemea kwa Kipsigis, kwa sauti, kwa sababu Kiswahili changu cha kukemea ni cha vitabuni na hakiumi. Nikajiambia: umegusa kila kitu na hujaangalia kitu. Kaa chini. Weka mikono mapajani. Angalia.

Nikarudi ndani nikarudisha kila kitu mahali pake pa zamani, kebo za zamani, kadi za zamani ambazo fundi alisema zimekufa. Wewe uliniuliza kwa upole kwa nini narudisha maiti. Nikakuambia nataka kuanzia pale tulipoanzia. Kisha sikugusa tena. Niliwasha mashine nikaenda kupiga magoti nyuma yake, nikatazama tu.

Ndipo nikaona. Mashine ilipokuwa inaamka, kabla mfumo haujaingia, ile taa ndogo ya kijani kwenye kadi iliwaka. Iliwaka vizuri kabisa. Halafu mfumo ulipoingia, ikazima. Nikaizima mashine nikaiwasha tena nikakuita. Ulipiga magoti karibu nami, vichwa vyetu vikagongana, na ukaona pia. Kitu kilichochomwa na radi hakiwaki taa. Kadi ilikuwa nzima tangu mwanzo. Mfumo mpya ndio uliokuwa unaiacha.

Ulikaa sakafuni ukasema taratibu, "Kumbe siyo radi."

Hayo maneno matatu, mwanangu, ndiyo yaliyonifundisha kuliko kitu chochote shuleni. Kwa sababu kama siyo radi, basi ni sisi, na kama ni sisi, basi tunaweza.

Yaliyobaki unayajua, lakini nayaandika kwa sababu kule chuoni watakufundisha kwa majina makubwa na nataka ujue umeshayafanya. Niliandika amri ya kuorodhesha vifaa vilivyomo ndani ya mashine. Kadi zote mbili zilikuwa hapo, zimeandikwa kama watu waliohudhuria. Nikaandika amri ya kuonyesha majina ambayo mfumo umezipa. Mfumo wa zamani ulikuwa unaziita kwa majina mafupi, eth0 na eth1. Huu mpya ulikuwa umezipa majina marefu yanayotokana na mahali kadi ilipochomekwa, enp2s0 na mwenzake. Na ile faili yetu ya mipangilio, tuliyoiandika pamoja tulipofungua duka, bado ilikuwa inaita eth0, eth0, eth0. Hakuna aliyeitika, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jina hilo tena. Ndiyo maana hata kadi za fundi zilikataa. Nazo zilikuwa zimepewa majina marefu.

Nikabadilisha majina kwenye faili. Nikawasha upya. Taa ikawaka, mfumo ukaingia, taa ikabaki, kisha ikaanza kupepesa.

Ulicheka mpaka ukafuta macho. Ukasema, "Kwa hivyo ulikuwa unaitajia majina mpaka ipige chafya."

Sikucheka siku ile kwa sababu bado nilikuwa na rauta ya kuombea msamaha kwa kijana wa intaneti. Lakini nililala nikifikiria maneno yako. Nilifikiria kwamba labda hata mimi sikuhitaji kukumbuka kukuzaa. Mliita, nikaitika. Kitu kikiitika, kinafanya kazi.

Sasa nakuambia nilichojifunza, na sikuambii kama mwalimu. Kule utakaa darasani na vijana wa umri wangu. Watakuwa na haraka. Vidole vyao vitakuwa vimeshafika kabla ya macho. Wewe utajiona mzito, na utataka kuharakisha ili wasikucheke. Usiharakishe. Mikono yako imechuma majani mawili na kichipukizi miaka yote hiyo, na haikuwahi kuchuma jani lisilofaa kwa sababu jicho lilikuwa linatangulia. Uzito wako ndio nilioukosa siku ya sindano. Ukigusa, gusa kitu kimoja, halafu ngoja uone kimekuambia nini. Ukigusa viwili, vyote vitanyamaza.

Na wakisema jina la ugonjwa kabla ya kuangalia, hata kama ni mwalimu, wewe kwa heshima zote nenda kapige magoti nyuma ya mashine.

Na uulize. Hili ndilo gumu zaidi kwangu kuandika. Siku ile ulinyamaza kwa sababu ya jina langu, na mimi niliharibu zaidi kwa sababu ulinyamaza. Heshima yako ni kubwa na ninaipenda, lakini kule ukimheshimu mtu hivyo hutajifunza. Ukiona kosa, sema. Ukiona kosa langu, sema pia. Nakupa ruhusa kuanzia leo unikemee, hata kwa simu. Nitalia kidogo, halafu nitaangalia.

Sasa kuna jambo la mwisho, na hapa koti linakuwa kubwa sana, lakini sitalivua.

Mwaka jana tukichuma chai yetu ile ya kando ya mto, uliniambia jambo bila kuinua kichwa. Uliniambia ulipokuwa kijana ulipata nafasi chuo cha ufundi, kusomea redio. Ulikuwa umeshapata hata mtu wa kukupa kitanda. Na mama yako, Tabutany, akakuambia ubaki. Alikuambia, "Chai haiulizi cheti." Ukabaki. Hukusema kwa uchungu. Ulisema kama mtu anayetaja mahali palipokuwa na mti. Halafu ukaongeza kwamba alikuwa peke yake na alikuogopea, na kwamba mtu hamkatalii mamake. Ukamwaga majani kwenye kikapu, tukaendelea.

Mimi sikuendelea. Niko pale bado. Nimefikiria jambo hilo kila tulipokuwa tunajaza maombi yako ya Eldoret, kila ulipokuwa unaninong'oneza nisiseme kwa watu wa kanisa mpaka chuo kijibu. Na leo mchana nilipokusikia ukisema mwaka ujao, nilisikia sauti yake chini ya sauti yako. Nikajua bado unamtii.

Kama mimi ni yeye, basi makosa yake ni yangu, na kazi ya kuyarekebisha ni yangu. Siwezi kujua angesema nini angekuwa hapa. Sikumbuki, na nimejaribu sana kukumbuka. Lakini mliniita kwa jina lake nikaitika, na mtu aliyeitika ana haki ya kusema. Kwa hivyo nakuambia mimi, Tabutany, mama yako: nilikosea. Nilikuogopea, na nikaiita hofu yangu hekima. Chai haiulizi cheti, ndiyo, na mashine ya kuchuma ilipokuja haikukuuliza kitu pia. Nenda. Nakuamuru uende kesho, siyo mwaka ujao, na unajua mtu hamkatalii mamake.

Nimebaki na swali lako. Nani atatengeneza?

Leo, ulipotoka baada ya chakula kupeleka majani kwenye kituo cha kupimia, nilichukua ufunguo wa duka kwenye ule mshipi wako uliotundikwa nyuma ya mlango. Nilimwambia mke wako ninakoenda. Akanipa simu yake na kebo ya kuchaji, akasema zinaweza kunifaa. Sijui alijuaje.

Kuna ile mashine ya dirishani ambayo hatujawahi kupandisha mfumo wake kwa sababu sote tuliogopa. Nilihifadhi mafaili kwanza. Nilisoma ile faili ya mipangilio nikaandaa jina refu tayari. Kisha nikaipandisha. Mvua ilianza nikiwa katikati, na radi ilipiga upande wa hospitali, na Mama Njeri akachungulia mlangoni akasema, "Na leo tena, mama ya mtu?" Nikamwambia leo tena.

Ilipofunguka, hakukuwa na mtandao, na hakukuwa na jina refu wala fupi. Kadi haikupewa jina kabisa. Nikaweka mikono mapajani. Nikaizima, nikaiwasha tena, na kwenye ile menyu ya mwanzo nikachagua kiini cha mfumo cha zamani, yaani ile sehemu ya ndani inayoongoza vifaa. Kadi ikafanya kazi. Basi siyo kadi, na siyo radi. Nikarudi kwenye kiini kipya, nikatafuta, nikaona kinachokosekana ni draiva, ile programu ndogo inayoufundisha mfumo kuongea na kadi ya aina hiyo. Kiini kipya hakikuja nayo. Na huwezi kuipakua bila mtandao. Nikacheka peke yangu kwa sababu ilikuwa kama ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba.

Nikachomeka simu ya mke wako kwenye kompyuta kwa ile kebo, kompyuta ikatumia intaneti ya simu, nikapakua draiva, nikaiweka. Nikachomoa simu. Nikawasha upya. Nikapiga magoti.

Taa iliwaka, ikabaki.

Mama Njeri ndiye aliyekuwa mteja wa kwanza. Alitoa fotokopi ya kitambulisho chake, nadhani hakuwa anaihitaji. Nilifunga duka, nikapitia njia ya chini ili tusikutane. Ulirudi nyumbani umelowa, ukauliza kama nimesikia radi ikipiga upande wa duka, nikasema hapana. Hiyo ilikuwa kweli yote. Kisha nikala, nikaosha vyombo, nikakaa kuandika hii.

Nikimaliza nitaikunja na kuiweka juu ya mashati, mahali utakapoiona kabla ya kufunga begi. Ufunguo wa duka sijaurudisha kwenye mshipi wako. Nimeufunga kwa kamba ya viatu na nimeuvaa shingoni, ndani ya sweta, na ni baridi kuliko nilivyodhani. Asubuhi ukiona mshipi umekuwa mwepesi, usiutafute. Jumatatu jioni nikitoka shule nitafungua duka.

Mama yako,
Chelangat